Hivi kufunga bustani za mjini kwa magari kunaleta afya kweli, au ni starehe ya wenye nazo?

#1 Mbeba_Boksi_Brooklyn
Wakuu salaam.

Naishi Brooklyn, New York, mwendo mfupi kutoka Prospect Park. Wakati nahamia huku, asubuhi magari yalikuwa yanakatiza katikati ya bustani kukwepa foleni ya Flatbush Avenue. Tarehe 2 Januari 2018 wakayazuia moja kwa moja. Tarehe 27 Juni mwaka uleule ikafuata Central Park, ambako magari yaliruhusiwa tangu 1899. Yaani kuyaingiza ilikuwa rahisi, kuyatoa kumechukua zaidi ya karne.

Waliofunga wanasema ni kwa ajili ya afya ya umma. Mimi ninachokiona ni kwamba aliyefaidi ni mwenye nyumba inayotazama miti. Magari hayakuyeyuka, yamehamia mitaani kwetu. Moshi uleule, pua tofauti. Sasa hapo afya imeongezeka au imehamishwa tu?

Wenye takwimu na wenye uzoefu karibuni.

#2 Kijiwe_Nongwa
Nimeshakaa siti ya mbele. Kahawa ipo, kashata ipo.

#3 Daktari_wa_Kata
Mtoa mada, angalia mtu anafanya nini pale anapovuta huo moshi. Mtu aliyekaa anavuta hewa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akikimbia zinapanda hadi 50 na zaidi, tena anavuta kwa mdomo, hewa inapita bila kuchujwa na pua. Kwa hiyo barabara ya ndani ya bustani, kwa upande wa mapafu, ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kuweka ekzosi: umewakusanya watu wanaohema kwa nguvu, watoto na wazee, halafu unawapitishia magari mita mbili pembeni.

Hata kama jumla ya moshi wa jiji haijapungua hata kidogo, dozi inayoingia vifuani imepungua. Zile chembe ndogo za PM2.5, Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake mwaka 2021 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Maana yake ni kwamba hata kiasi tulichokuwa tunakiita kidogo kinadhuru.

#4 Njia_Kuu
Baki njia kuu, michepuko siyo dili. New York wamechelewa sana kuuelewa ujumbe wetu.

#5 Taksi_ya_Njano
#4 umenichekesha, lakini mchepuko ule ulikuwa mtamu, acha tu. Nimeendesha taksi Manhattan miaka mingi. Abiria wa upande wa magharibi anataka kwenda chini mjini, unaingia bustanini mtaa wa 72, unatokea mtaa wa 59. Taa chache, upepo mzuri, abiria mwenyewe anasifia mandhari.

Ila naomba turekebishe kitu. Mnaandika kana kwamba Central Park haina gari tena. Zipo barabara nne zinazoikata kutoka mashariki kwenda magharibi, kwenye mitaa ya 65/66, 79, 85/86 na 97, na hadi leo zinapitisha magari na mabasi. Zimechimbwa chini ya usawa wa bustani, ukuta wa mawe huku na huku, anayetembea juu hazioni. Olmsted na Vaux, wasanifu wa bustani hiyo, walizichora tangu 1858, enzi za mikokoteni ya farasi. Kwa hiyo ugomvi huu wa njia na bustani ni wa kale, na dawa waliyoipata wale wazee ilikuwa kuchimba.

#6 Karura_Mbio
Salamu kutoka Nairobi. Huku tunaujua huo ugomvi sana. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga ghorofa la sakafu 60 kujengwa Uhuru Park, akatukanwa, lakini ghorofa halikujengwa. Halafu mwaka 2019 ramani ya barabara ya juu ikaja na kutaka kumega kipande cha bustani ileile. Watu wakapiga kelele, ramani ikasogezwa. Barabara yenyewe ilifunguliwa 2022, kilomita 27, na sasa inapita hapo kando.

Ukitaka kujua faida ya kutokuwa na magari, ingia msitu wa Karura Jumamosi asubuhi. Gari unaliacha maegeshoni, unashika njia ya udongo mwekundu. Watoto wa miaka minne wanajifunza baiskeli katikati ya njia na hakuna mzazi anayepiga mayowe. Kwangu hiyo ndiyo afya. Siyo mapafu, ni mzazi kuachilia mkono wa mtoto.

#7 Chuma_Chakavu
Karura, na kufika hapo Karura ulikwenda na nini?

#8 Karura_Mbio
#7 nilikwenda na gari. Haya, cheka umalize.

#9 Takwimu_Tupu
Ushahidi upo jamani, tusiandike kwa hisia. Mwaka 1996 Atlanta waliandaa Olimpiki. Wakazuia magari katikati ya jiji, wakaongeza mabasi, wakaomba watu wafanye kazi kwa zamu. Msongamano wa asubuhi ukashuka kwa asilimia 22.5. Watafiti wakaangalia watoto wenye pumu waliokuwa kwenye bima ya serikali: waliohitaji matibabu ya dharura walipungua kwa asilimia 41.6 katika siku zile 17 za michezo. Ilichapishwa 2001. Magari yakipungua, watoto wanapumua. Mjadala umefungwa.

#10 Mbeba_Boksi_Brooklyn
#9 hiyo ni nzito. Lakini hapo walipunguza magari ya jiji zima. Kufunga bustani moja hakufanyi hivyo, na hilo ndilo swali langu.

#11 Mwalimu_wa_Zamu
#9 usifunge mjadala mapema. Utafiti huohuo ulirudiwa. Mwaka 2010 wakatoka watafiti wengine na data ndefu zaidi, wakaona ozoni, gesi chafu inayodhuru mapafu, ilishuka majira yale hata kwenye miji mingine ya kusini-mashariki mwa Marekani ambayo haikuwa na Olimpiki. Kumbe hali ya hewa nayo ilikuwa na mkono wake. Na pumu ya watoto huwa inapungua shule zikifungwa. Walipozingatia majira, hawakuona ushahidi wa kueleweka kwamba wagonjwa wa dharura walipungua kwa sababu ya magari.

Sisemi moshi hauna madhara. Moshi wa dizeli uliwekwa kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012, hilo halina ubishi. Nasema tu mfano wa Atlanta umechoka, na kila mtu anaubeba nusu.

#12 Takwimu_Tupu
#11 hiyo ripoti ya 2010 nimeiona. Nayo ina mipaka yake, siku 17 ni chache mno kuthibitisha chochote, upande wowote.

#13 Kijiwe_Nongwa
Wasomi wameanza. Kashata zimebaki tatu.

#14 Mama_Wawili_SF
Mimi niko San Francisco, nizungumzie upande ambao haujaguswa. Golden Gate Park, ile barabara ya JFK Drive ilikuwa inafungwa Jumapili tangu 1967. Aprili 2020, wakati wa korona, wakaifunga siku zote ili watu wapate pa kutembea wakiwa wameachana. Mwaka 2022 madiwani wakapiga kura 7 kwa 4 iwe ya kudumu, na Novemba wananchi wakaidhinisha. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Piano zimewekwa njiani, watu wanacheza wakiwa na viatu vya magurudumu.

Mwanangu mkubwa anatembelea kiti cha magurudumu. Zamani nilikuwa naegesha kando ya njia, nashusha kiti, tunaingia makumbusho. Siku ya kwanza baada ya kufungwa, mlinzi wa jumba moja mle ndani akanielekeza kwenye maegesho ya walemavu upande wa nyuma. Njia ya kutoka huko ni kilima. Nimesukuma kile kiti huku nakanyaga breki ya mguu kila hatua chache ili kisinirudie, na waendesha baiskeli wananipita wanasema hujambo. Kwao bustani imekuwa ya afya. Kwa mgongo wangu, hapana.

#15 Taksi_ya_Njano
Pole dada. Lakini pale si kuna maegesho ya chini ya ardhi, nafasi takriban 800, na basi dogo la bure linalozunguka bustani?

#16 Mama_Wawili_SF
#15 yapo. Maegesho yanalipiwa kwa saa, na basi dogo lina ratiba yake. Mtoto akichoka hachoki kwa ratiba.

#17 Chuma_Chakavu
Ndiyo maana nasema haya mambo ni ya vijana wenye misuli. Tena hukohuko San Francisco mwanasiasa amepoteza kiti kwa sababu ya kufunga barabara ya Golden Gate Park. Wananchi walichoka.

#18 Mama_Wawili_SF
#17 siyo ile. Aliyeondolewa ni diwani Joel Engardio, Septemba 2025, na barabara yenyewe ni Great Highway, ya ufukweni, ambayo iligeuzwa bustani kwa kura ya Novemba 2024. Ilifunguliwa Aprili 2025, inaitwa Sunset Dunes. Jiji kwa jumla lilikubali, lakini watu wa eneo lake, wanaoishi jirani na barabara hiyo, wengi walikataa. Wakamsubiri.

#19 Mbeba_Boksi_Brooklyn
#18 hapo umenisaidia kuliko wote. Jiji zima limepiga kura, jirani amebaki na foleni. Ndiyo hoja yangu ya #1 hiyo.

#20 Daktari_wa_Kata
Foleni ya jirani siyo lazima iwe sawasawa na ile iliyoondolewa. Kuna kazi ya Waingereza ya mwaka 2002 waliokusanya visa zaidi ya 70 kutoka nchi 11, mahali ambapo nafasi ya magari ilipunguzwa. Nusu ya visa vilionyesha kwamba takriban asilimia 11 au zaidi ya magari hayakuonekana tena, si pale wala kwenye njia za jirani. Watu walibadili muda, wakaunganisha safari, wakapanda treni, wengine wakaghairi.

#21 Mbeba_Boksi_Brooklyn
Na zile asilimia 89 zinalala wapi daktari? Njoo uzione chini ya dirisha langu.

#22 Kijiwe_Nongwa
😂😂 Daktari kapigwa chenga.

#23 Wa_Kimironko
Habari zenu. Mbona mnakwenda mbali na Kigali ipo? Tangu Mei 2016 tuna siku bila magari. Ilianza mara moja kwa mwezi, sasa ni Jumapili mbili za mwezi, saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Barabara kubwa zinafungwa, tunakimbia, na mwisho kuna viti vya plastiki na wahudumu wa afya wanapima presha na sukari bure. Baba mkwe wangu hakuwahi kukanyaga kliniki. Alikuja na suti ya michezo ya kijani kusindikiza wajukuu, akakalishwa kwenye kile kiti, mpira wa presha ukafungwa mkononi, mhudumu akaangalia namba, akafungua, akafunga tena, akapima upya. Mzee yuko kwenye dawa tangu wakati huo.

Kwa hiyo mimi naona afya haikutoka kwenye hewa. Ilitoka kwenye kukusanyika. Barabara isingefungwa, yule mzee asingefika pale kitini.

#24 Mwalimu_wa_Zamu
#23 hoja nzuri ila hiyo siyo bustani, ni barabara za kawaida. Na ni saa tatu tu.

#25 Wa_Kimironko
Bogotá nao walianza na barabara za kawaida, 1974, Jumapili na sikukuu, saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Leo wanafunga zaidi ya kilomita 120. Bustani inaweza kuwa ya muda pia, haina lazima iwe na uzio.

#26 Bongo_Jioni
Tukirudi nyumbani. Dar tuna mahali gani pa kukimbia bila gari? Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022, nusu ya mji tumehamia pale jioni. Kushoto bahari, kulia magari. Ukifika nyumbani ukajifuta uso na taulo jeupe, linatoka na rangi ya majivu. Nashauri Toure Drive, kipande cha Coco Beach, ifungwe Jumapili asubuhi tu, tuone.

#27 Njia_Kuu
#26 taulo jeupe unalitoa wapi na maji yenyewe hatuna.

#28 Mihogo_Coco
Nyie mnaoandika kufunga, mmewahi kuuza kitu? Nina shemeji anayeuza mihogo na mishikaki pale Coco. Mteja wake anashusha kioo, anaagiza, anakula ndani ya gari redio ikiwa imewashwa, anaongeza pilipili, anaongeza dafu. Mkimbiaji anakuja na chupa yake ya maji mkononi. Hanunui kitu, tena anakunja pua kwa moshi wa jiko.

#29 Bi_Kizingo
Hayo maneno ya kweli kabisa. Sisi Mombasa, Mama Ngina ya zamani, raha yake ilikuwa hiyohiyo. Jumapili alasiri gari limepangwa uso kwa bahari, mama na watoto nyuma, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu juu ya boneti, meli inaingia Kilindini. Mama yangu mkubwa miguu ilikuwa haimbebi tena, na ile ndiyo hewa pekee aliyokuwa akiipata wiki nzima. Mngemwambia ateremke atembee kwa ajili ya afya, angewauliza mmelelewa na nani.

#30 Daktari_wa_Kata
Bi Kizingo, gari lililozimwa injini halinisumbui hata kidogo. Tatizo ni linalopita.

#31 Bi_Kizingo
Haya, kwa hiyo ni kukatiza ndiko kunakokatazwa, kuegesha ruhusa? Hapo tunaweza kuzungumza.

#32 Msafiri_London
#31 ndivyo walivyofanya Richmond Park hapa London. Agosti 2020 wakaanza majaribio ya kuzuia magari ya kukatiza kwenye baadhi ya njia zake, lakini maegesho yakabaki. Wenye vilema na wazee wanafika.

Niongeze na jambo la uzito. Desemba 2020 mahakama ya uchunguzi wa vifo hapa ilitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha mtoto wa miaka tisa wa Lewisham, mwenye pumu, aliyefariki Februari 2013. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza. Familia ilikuwa inaishi karibu na barabara kuu ya South Circular. Bustani haikuwa na shida, shida ilikuwa pale nyumbani. Kwa hiyo mtoa mada hakukosea kuuliza moshi umekwenda kwa nani.

#33 Chuma_Chakavu
Suluhisho jepesi: magari ya umeme. Ekzosi hakuna, kila mtu apite.

#34 Mwalimu_wa_Zamu
Vumbi la matairi na breki halijali kama injini ni ya umeme. Wala aliyegongwa hajali. Ajali za barabarani zinaua takriban watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Mnabishana moshi kurasa mbili wakati sababu ya kwanza ya kutoa gari bustanini ni kwamba gari linagonga.

#35 Taksi_ya_Njano
Baiskeli nazo zinagonga. Mwaka 2014 watembea kwa miguu wawili waligongwa na baiskeli Central Park wakafa. Mkitoa magari, hao ndio wanaojiona wafalme.

#36 Karura_Mbio
#35 mwaka 2014 magari yalikuwa bado yanaingia Central Park, wewe mwenyewe ulikuwa unapita na taksi. Huwezi kulaumu kufungwa kwa 2018 kwa ajali za miaka minne kabla.

#37 Taksi_ya_Njano
Njoo usimame leo pale jioni baiskeli za umeme za wapeleka chakula zikipita, halafu uniletee kalenda yako.

#38 Shella_Kwetu
Wallahi mnanichekesha. Lamu mji mzima njia hazipitiki kwa gari tangu enzi za mababu. Punda hatoi moshi, anatoa kingine. Na bodaboda zilipoingia, kelele zilianza hizihizi za kwenu: zifike wapi, ziishie wapi, nani mgonjwa abebwe.

#39 Njia_Kuu
Central Park si kuna farasi wa kuvuta watalii hadi leo? Hao nao hawatoi moshi.

#40 Taksi_ya_Njano
Wanatoa, tena mbele ya mkimbiaji. Ukiona mtu karuka ghafla ujue siyo mazoezi.

#41 Daktari_wa_Kata
Turudi kwenye mada. Mbeba Boksi, watu wamekupa hewa, ajali, kukusanyika, na wazazi kutulia. Moshi kuhamia kwako ni dai linalopimika. Weka kipimo kidogo cha PM2.5 dirishani wiki kadhaa, linganisha saa za foleni na usiku wa manane, na kimoja kiwekwe ndani ya bustani.

#42 Mbeba_Boksi_Brooklyn
#41 sina namba za kabla ya 2018, kwa hiyo hata nikipima nitajua moshi upo, sitajua umetoka wapi. Ila jirani yangu ghorofa ya pili, upande wa Ocean Avenue, anacho kipimo. Amekubali nichukue namba zake.

#43 Taksi_ya_Njano
Ocean Avenue inapakana na miti ya bustani. Tafuta na mtu wa Flatbush, pale mabasi yanaposimama, vinginevyo mtatupimia upepo wa majani.

#44 Mihogo_Coco
Mkimaliza kupima, na biashara ya shemeji ipimwe.